Drili ya Betri: Ukuta Kwanza, Volti Baadaye

Watu wengi wa Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju wanaotaka drili ya betri huanzia dukani, na hapo ndipo wanapokosea. Wanafika Gerezani, wanapangiwa mezani maboksi yanayofanana kama mapacha, muuzaji anawaambia hii ni volti 48, hii 88, na hii ndiyo kiboko yao. Wanaondoka na namba kubwa kuliko zote kwa bei ndogo kuliko zote. Jioni drili inagoma kwenye shimo la kwanza la pazia, na lawama zote zinaenda kwa “vitu vya Kichina”. Mara nyingi mashine haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala, zunguka nyumbani kwako na kipande cha karatasi. Andika unachotaka kutoboa, na mbele yake andika kimetengenezwa kwa nini. Rafu ya jikoni: tofali. Bawaba za kabati: mbao. Kitasa cha geti: chuma. Pazia la sebuleni: hapo usiandike haraka, maana ndipo mambo yalipo.

Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zimejengwa kwa tofali za mchanga na saruji, za inchi tano au sita, kisha zikapigwa plasta. Tofali hizo si ngumu kama zinavyoonekana. Ugumu wake unategemea mfyatuaji aliunyoosha kiasi gani mfuko wa saruji wa kilo 50. Wapo wanaofyatua kwa haki, na wapo ambao tofali zao ukizikwaruza kwa msumari mchanga unamwagika. Drili yoyote ya betri iliyo nzima inaingia kwenye tofali la namna hiyo bila jasho. Shida huja baada ya kuingia. Ukiwasha hama, yaani ule mpigo unaogonga biti huku ikizunguka, mgongano huo unalivunja tofali kwa ndani, shimo ulilotaka liwe la milimita 8 linakuwa la 11, na fisha, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani, inazunguka bure. Kwenye tofali laini zima hama, zungusha tu, na anza na biti iliyo ndogo kidogo kuliko fisha yako. Biti ya 7 kwa fisha ya 8 ni mwanzo mzuri. Fisha ikigoma kuingia ndipo upanue.

Sasa pazia. Juu ya madirisha na milango ya nyumba zetu hupita lenta, mkanda wa zege wenye nondo ndani, na katika nyumba nyingi umeizunguka nyumba nzima. Plasta ikishapigwa na rangi ikapakwa huioni tena, lakini ipo palepale, sentimita chache juu ya fremu ya dirisha, mahali ambapo kila mtu hutaka kufunga bomba la pazia. Ndiyo maana kazi ya kwanza ambayo watu hununulia drili huwa ndiyo ngumu kuliko zote ndani ya nyumba. Drili ndogo ya betri inakutana na kokoto na nondo, inalia, inapata moto, na mwenye nyumba anaongeza kuisukuma kwa kifua.

Utajuaje kwamba umegonga lenta? Tazama vumbi. La tofali lina chembe za mchanga unazozihisi ukilisugua kwa vidole. La zege ni unga laini wa kijivu, na biti inakuwa haiendi mbele, inadundadunda. Ukiona hivyo, acha kusukuma. Una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda juu zaidi: lenta kwa kawaida ina kimo cha inchi sita hadi tisa, na juu yake kuna kozi mbili au tatu za tofali kabla ya paa. Funga bomba la pazia sentimita 30 hivi juu ya dirisha na utakuwa umerudi kwenye tofali. Utahitaji pazia refu kidogo, ila chumba nacho kitaonekana kirefu. Njia ya pili ni kumwita fundi mwenye drili kubwa ya umeme wa ukutani, ile ambayo biti yake inachomekwa kwa kubofya na ambayo ndani yake kuna pistoni inayopiga kwa nguvu ya hewa. Atamaliza madirisha yote ya nyumba kwa mchana mmoja, na wewe utabaki na drili yako kwa kazi nyingine zote.

Hama ya drili ya betri ya kawaida haina pistoni. Ina visahani viwili vya chuma vyenye meno, vinavyorukiana kadiri unavyosukuma. Inasaidia kwenye tofali gumu na kwenye plasta iliyokomaa. Kwenye zege itakutobolea shimo moja au mawili madogo kwa subira nyingi, halafu betri itaomba chaja. Muuzaji akikwambia “hii inatoboa zege, bosi”, hajasema uongo kamili.

Nani asinunue

Kama orodha yako ina mashimo manne ya pazia na basi, usinunue. Mlipe fundi. Kama ina kazi nyingi za zege na nyumba yako ina umeme wa uhakika, nunua drili ya waya yenye hama: kwa pesa ileile utapata nguvu zaidi, na hakuna betri itakayokufa.

Drili ya betri ina watu wake. Wa kwanza ni wale waliohamia kwenye nyumba kabla haijaisha, na Mbande, Toangoma, Madale na Mabwepande wamejaa watu hao. Umeme bado haujavutwa, au umefika chumba kimoja tu, na kila mwisho wa mwezi kuna mlango wa kufunga, fremu ya kukaza, bati la kurudishia. Betri inachajiwa kwa jirani na kazi inafanyika kwako. Wengine ni wapangaji wa nyumba yenye LUKU moja kwa vyumba sita, ambapo ukichomeka mashine ya waya tu mlango wa pili wanaanza kuhesabu uniti. Hofu hiyo haina msingi kwa drili ya betri. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 inabeba wati-saa 36. Ukiongeza upotevu wa chaja haifiki hata wati-saa 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya uniti. Hata kama unanunua umeme kwa zaidi ya shilingi 350 kwa uniti, kuijaza betri nzima hakufiki shilingi ishirini. (Mpangaji, omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Ukuta ni wake, na fisha ukizing'oa zinaacha mashimo.)

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Ukiwa na drili ya betri unaweza kuzima swichi kuu ya nyumba kabla ya kutoboa karibu na nyaya. Katika nyumba ambayo hujui fundi umeme alipitishia wapi mabomba yake, hilo si jambo dogo. Kanuni ya haraka: usitoboe kwenye mstari ulionyooka juu au chini ya swichi na soketi, wala juu ya koki ya maji.

Volti za kwenye boksi

Tuje kwenye namba. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 kwa kawaida, na hufika 4.2 ikiwa imejaa. Panga seli tano mfululizo: unapata volti 18 za kawaida, au 21 dakika ile inapotoka kwenye chaja. Kwa hiyo drili iliyoandikwa 18, iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 21 zina seli tano zilezile. Anayekuuzia ya 21 kwa bei ya juu kuliko ya 18 kwa sababu ya namba hiyo anakuuzia wino. Zile za volti 12 zina seli tatu, na kwa kweli ni 10.8.

Na za 48, 88, 128, zenye herufi VF badala ya V peke yake? Fanya hesabu palepale dukani. Ili kupata volti 88 za kweli unahitaji seli zipatazo 24. Seli inayotumika sana kwenye betri hizi, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi. Seli 24 ni zaidi ya kilo moja, na hapo bado hujaweka ganda. Sasa ishike ile betri ya “88” mkononi: ni nyepesi, inaingia mfukoni. Ndani yake kuna seli tano, wakati mwingine hata chini ya hapo. Haimaanishi mashine ni mbovu. Inamaanisha unapaswa kuilipia kama drili ya seli tano, na uwe na wasiwasi kidogo na mtu aliyeandika boksi lile, kwa sababu aliyedanganya kwenye volti huenda amedanganya na kwenye ampea-saa.

Kwa nyumba yenye tofali za saruji na mbao za kawaida, volti 18 ndiyo saizi. Ya 12 ni nyepesi, kama kilo moja pamoja na betri, na kwa mtu atakayekaza skrubu za kabati, kufunga dari ya jipsamu au kuunganisha kitanda cha boksi inatosha na inabaki. Mkono hauchoki ukiwa juu ya ngazi. Lakini ukutani itakukatisha tamaa, na kwenye mninga au mkongo itakulazimisha upumzike kila baada ya mashimo machache.

Nguvu ya kuzungusha, inayoandikwa kwa Nm, ni namba yenye maana kuliko volti, ikiwa imeandikwa na mtengenezaji anayeaminika. Kwa matumizi ya nyumbani 35 hadi 50 ni nyingi. Zaidi ya hapo, mashine ikikwama ghafla inaweza kukupinda kifundo cha mkono.

Unanunua betri

Mwili wa drili ni mota, gia na swichi. Ukiutunza unaweza kuishi miaka mingi. Betri haiishi hivyo. Ndiyo itakayokufa kwanza, na ikifa huku haina mwenzake sokoni, drili yako inageuka pambo la stoo. Kwa sababu hiyo swali la kwanza dukani, kabla ya bei ya mashine, liwe hili: “Kaka, betri yake peke yake mnauza? Bei gani?” Akikujibu kwamba betri haziuzwi peke yake, au akaanza kuzunguka, shukuru na uendelee mbele. Ukibakiza swali moja tu kati ya yote yaliyomo humu, bakiza hilo.

Hapo ndipo majina yanapokuwa na faida. INGCO na TOTAL, ambazo zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Kariakoo hadi Mbagala Rangi Tatu na Tegeta, zina mfumo wa betri wa volti 20 unaoingia kwenye mashine nyingi za kampuni hiyohiyo: leo drili, mwakani grainda au msumeno, na betri ni ileile. Si mashine za fundi anayepiga kazi kutwa, lakini nyumbani zinatosha kabisa, na vipuri vyake unavipata bila kuagiza nje. Makita walianzisha mfumo wao wa LXT wa volti 18 mwaka 2005 na bado wanautengenezea mashine mpya. Ni ushahidi mzuri kwamba betri ya kampuni iliyotulia haikuachi njiani. Bosch wanagawa mashine zao kwa rangi: za kijani ni za nyumbani, za bluu ni za mafundi. Nyingi za Makita, Bosch na DeWalt zilizo halisi ni ghali kwa mtu wa mashimo ya wikiendi, na ukiiona mpya inauzwa kwa bei ya drili isiyo na jina, ujue jina ndilo lililobandikwa. Rangi ya Makita inaigwa sana.

Kati ya drili isiyo na jina na yenye jina la bei ya kati, tofauti ni karibu mara mbili. Ushauri wangu ni kungoja mshahara mwingine na kuchukua yenye jina, hata ikiwa na betri moja. Lakini simlaumu anayechukua ya bei ya chini kwa kazi ya mbao na jipsamu, mradi aichukulie kama kifaa cha mwaka mmoja au miwili na asiipeleke kwenye lenta.

Betri ngapi? Mbili za ampea-saa 2 zinakufaa kuliko moja ya 4, kwa sababu moja inafanya kazi huku nyingine ikichajiwa, na umeme wa mtaa ukikatika katikati ya kazi una akiba. Wengi hupima ubora wa betri kwa muda inaokaa na chaji. Kipimo kizuri zaidi ni jinsi inavyobeba mzigo: betri dhaifu hugeuza drili kuwa ya kusuasua mara tu skrubu inapoingia kwenye mbao ngumu, hata kama taa zake tatu zote zinawaka.

Mtihani wa dukani

Wauzaji wa Kariakoo wamezoea kujaribishiwa vitu, kwa hiyo usione haya. Beba kipande cha mbao ngumu, mninga ukiupata, na skrubu tano za inchi mbili. Kipande cha pine laini hakitakwambia chochote.

Kwanza funga biti ndefu na nyembamba kwenye mdomo wa drili, kaza kwa mkono, bonyeza swichi polepole na uitazame ncha. Ikichora duara badala ya kusimama, mdomo umepinda au shafti imepinda, na hakuna fundi atakayekurekebishia kwa bei ya maana. Mdomo wa kufikia milimita 10 unatosha nyumbani. Wa 13 ni bora kama utatumia biti nene za mbao. Halafu sikiliza mwendo wa polepole: swichi nzuri inakuruhusu kuzungusha taratibu kabisa, kama unakaza kwa bisibisi. Swichi ya hovyo ina mambo mawili tu, kuzima na kukimbia, na hiyo itakuharibia vichwa vya skrubu zote. Achia swichi: mzunguko unatakiwa ukate papo hapo.

Baada ya hapo igeuzie nyuma, ibadilishie gia ya juu na ya chini, kisha zungusha ile pete yenye namba shingoni. Namba ndogo, drili inatakiwa iachie mapema kwa mlio wa “krrr” bila kuendelea kukaza. Pete hiyo ndiyo inayookoa dari ya jipsamu isitobolewe na kichwa cha skrubu, na kwa mtu wa nyumbani ni kifaa muhimu kuliko hama. Pete isiyofanya kazi ni sababu tosha ya kurudisha boksi.

Mwisho kaza skrubu zako tano kwenye mninga, mfululizo, bila kupumzika. Shika ganda la betri na ganda la mota. Uvuguvugu ni sawa. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, muage muuzaji.

Kuhusu mota: zisizo na brashi za kaboni hutumia betri vizuri zaidi na hazina kitu cha kubadilisha, ila bei inapanda. Kwa kazi za mara moja kwa wiki mota ya brashi haina aibu yoyote, na brashi zake zikiisha ni kipuri cha bei ndogo. Uliza kama kuna kifuniko cha kuzifikia kwa nje. Nyingi za bei nafuu hazina, na fundi hulazimika kupasua ganda lote.

Mtumba

Drili za mtumba zimo Gerezani na Tandika, na macho huvutwa na majina makubwa kwa bei ndogo. Mwili unaweza kuwa mzuri kuliko kitu chochote kipya unachoweza kumudu. Tatizo ni viambatanisho. Chaja iliyotoka Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, ya Marekani kwa 120, na soketi yako ni 230. Kibadilishio cha plagi kinabadilisha pini tu, hakibadilishi volti. Ukiichomeka hivyo utaona moshi kabla hujaona taa. Geuza chaja usome kibandiko chake. Ikiwa haijaandikwa 220 hadi 240, au 100 hadi 240, ihesabu kama haipo. Za kutoka Uingereza mara nyingi hazina shida hiyo, na hata pini zake ni tatu za mraba kama zetu.

Kingine ni umri. Drili za zamani za volti 9.6 au 14.4 mara nyingi zina betri za nikeli, nzito, ambazo baada ya miaka ya kukaa kwenye kontena hazishiki tena chaji. Utaambiwa kuna fundi atakayeweka seli mpya za lithiamu. Wapo wanaojua kazi hiyo. Muulize seli anazitoa wapi. Zikiwa zimekobolewa kutoka betri za kompyuta mpakato, kataa: hizo zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi, na drili inayokwama kwenye mbao huvuta ampea 20 na zaidi kwa mkupuo. Zitapata moto, na lithiamu ikishika moto si jambo la kuzima kwa ndoo ya maji. Pia kila kundi la seli lazima liwe na kisakiti chake cha kulinda na chaja inayolingana nalo. Chaja ya zamani ya nikeli haifai kabisa.

Bakiza pesa ya biti

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Seti kubwa ya biti za rangi ya dhahabu ndani ya kisanduku cha plastiki inavutia, lakini kwenye seti za bei ya chini rangi hiyo mara nyingi ni urembo. Nunua chache, moja moja, za maana: za ukutani zenye ncha ya kabidi, milimita 6 na 8, za chuma, milimita 3, 4 na 5, ambazo zitakufaa na kwenye mbao pia, na ncha mbili za kukazia skrubu za nyota namba 2. Hizo zinamaliza karibu kila kitu ndani ya nyumba. Biti butu huua drili haraka kuliko zege, na drili ya kuazimana mtaani daima inarudi na biti butu.

Kwenye mbao ngumu toboa kwanza tundu jembamba, kisha kaza skrubu. Mninga hupasuka ukilazimishwa. Mbao za pine za Mafinga zinasamehe zaidi. Kwenye chuma cha geti, weka alama kwa msumari na nyundo ili biti isiteleze, tumia gia ya polepole, na dondosha mafuta kidogo. Vaa miwani, hata ya bei rahisi, na hasa unapotoboa ukiwa chini ya kazi yako.

Kuitunza katika joto letu

Joto la Dar ndilo adui wa betri. Usiiache ndani ya gari, wala kwenye stoo iliyo chini ya bati bila dari. Iweke chumba cha ndani, ikiwa na chaji nusu kama huitumii kwa miezi. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe kabla ya kuichaji. Usiichaji usiku kucha umelala, hasa zile zinazokuja na chaja nyepesi isiyo na feni wala kibandiko chochote. Ukitoboa juu ya kichwa vumbi la tofali huingia kwenye matundu ya mota; lipulize baada ya kazi. Wanaoishi karibu na bahari, Mbweni au Kijichi, wapakae mdomo wa drili mafuta mepesi mara kwa mara, chumvi ya hewani haina huruma na chuma.

Limebaki swali la wapi ununue. Kariakoo bei ni ndogo na chaguo ni kubwa. Lakini duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako, hata likiwa juu kwa elfu kumi, unaweza kulirudia kesho asubuhi kwa miguu, na mwenye duka anakujua. Ukihesabu nauli na siku ya kazi utakayopoteza kurudi mjini, ile elfu kumi mara nyingi imeshajilipa. Popote ununuapo, kubaliana mapema juu ya siku za kurudisha. Kile kibao cha “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” kinaweza kulegea kabla hujalipa, si baada ya hapo. Mwambie aandike muda huo kwa mkono, na dai risiti ya EFD yenye jina la mashine. Ukiuziwa kitu chenye nembo ya kughushi, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na bila risiti hutakuwa na pa kuanzia. Karatasi ya EFD hufifia haraka kwenye joto, kwa hiyo ipige picha kwa simu kabla hujatoka dukani, pamoja na namba iliyobandikwa kwenye mwili wa drili na kwenye betri. Siku hiyohiyo ukifika nyumbani chaji betri na uanze kutoboa.